Nauli ya Moshi: Somo juu ya Boila za Mvuke Majumbani

Wazee wetu husema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Fundi wa boila huyakubali maneno hayo, kisha huyageuza: penye moto hapakosi moshi, na moshi huo hauna budi kupewa njia ya kutokea. Jambo hili laonekana dogo. Walakini katika miji ya baridi ya Marekani, kama New York, Boston na Chicago, mafundi na wenye nyumba wamelifikiri kwa miaka mingi, na serikali yao imelitungia sheria. Swali lao ni hili: joto kiasi gani liachwe liende na moshi, na kiasi gani lishikwe libaki nyumbani? Katika somo la juma hili tutalieleza swali hilo hatua kwa hatua.

Huenda msomaji akauliza, "Mimi yanihusu nini?" Yamhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, jamaa zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi siku hizi katika miji hiyo ya baridi, na baadhi yao wamepanga au wamenunua nyumba za zamani zenye boila ya mvuke. Ya pili, kanuni ya moshi ni moja duniani kote. Kanuni inayoitawala boila ya Boston ndiyo inayolitawala jiko la makaa katika chumba cha Limuru, usiku wa baridi wa mwezi wa Julai.

NYUMBA HUPASHWA JOTO NAMNA GANI?

Nyingi za nyumba hizo zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Boila huwekwa katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Ni chombo kizito cha chuma. Ndani yake mna maji, na chini ya maji mna moto wa gesi au wa mafuta. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na kipimo kimoja cha maji huwa vipimo kama 1,700 vya mvuke. Mvuke huo hupanda wenyewe kwa mabomba mpaka vyumbani, ukaingia katika redieta, yaani vyombo vya chuma vilivyo wazi ndani, ambavyo kwa kawaida husimamishwa karibu na madirisha.

Mvuke ukifika katika redieta hukuta chuma baridi, ukageuka maji tena. Na katika kugeuka kwake hutoa joto jingi mno. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa joto linaloweza kuchemsha kilo 5 za maji yaliyokuwa baridi kama barafu. Kisha maji hayo hushuka kwa uzito wake mwenyewe, yakarudi katika boila, na kazi huanza upya.

Tazama uzuri wa mpango huu. Hapana pampu ya kusukuma mvuke juu, wala katika mipango ya zamani hapana pampu ya kurudisha maji chini. Presha yake nayo ni ndogo, kwa kawaida chini ya ratili 2 kwa kila inchi ya mraba, ambayo ni ndogo sana kuliko presha ya tairi la baiskeli. Kwa sababu hiyo boila nyingi za namna hii, zikitunzwa vema, zimefanya kazi miaka makumi. Mwenye nyumba aliyezoea chombo kama hicho hutazamia kitu kimoja tu: kwamba usiku wa baridi kali kitawaka. Basi kila jambo jipya linaloongezwa ili kuokoa gesi au mafuta hupimwa kwa mizani miwili: litaokoa kiasi gani, na je, chombo kitategemewa kama zamani?

MOSHI UMEBEBA NINI?

Gesi inayochomwa katika nyumba za Marekani, sehemu yake kubwa ni methani. Kipimo kimoja cha gesi hiyo huhitaji vipimo kama 10 vya hewa ili kiungue vizuri. Kikisha kuungua, hutokea vitu viwili: gesi ya kaboni dayoksidi, na maji yaliyo katika hali ya mvuke. Yafaa tukumbuke jambo hili la maji, maana wengi hawalijui. Kilo 1 ya methani ikiungua yote hutoa kilo 2 na robo ya maji, kwa kuwa oksijeni ya hewa nayo imeingia ndani yake. Kwa hiyo moshi wa gesi, ingawa hauna masizi na pengine hauonekani kwa macho, umebeba maji mengi.

Lakini kama hewa haitoshi, gesi haiungui yote, na hapo hutokea sumu iitwayo kaboni monoksidi. Sumu hii haina rangi, wala harufu, wala ladha. Katika damu yetu imo sehemu inayobeba oksijeni. Sehemu hiyo hushikamana na sumu hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshikamana na oksijeni. Mtu anayeivuta huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, husinzia, na asipotolewa mahali pale hufa. Ndiyo sumu ile ile iwauayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa.

Basi tukubaliane tangu mwanzo: kazi ya kwanza ya njia ya moshi ni kuokoa maisha. Kuokoa fedha ni kazi ya pili.

DOHANI HUVUTAJE?

Dohani ya nyumba ni bomba refu la matofali au la chuma litokalo chini mpaka juu ya paa. Haina mashine ndani yake, nayo huvuta. Siri yake ni uzito wa hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye baridi ya digrii 0 ina uzito wa gramu kama 1,290. Hewa ile ile ikipata joto la digrii 150 hutanuka, na mita moja ya ujazo huwa na uzito wa gramu kama 830 tu. Tofauti yake ni gramu 460. Hewa nzito ya nje husukuma kutoka chini, na moshi mwepesi hupanda, kama kizibo kinavyopanda ndani ya maji.

Sasa tuseme kwamba fundi hodari ameunda boila inayonyang'anya moshi joto lake mpaka ukabaki na digrii 60 tu. Moshi huo una uzito wa gramu kama 1,060 kwa mita ya ujazo, na tofauti na hewa ya nje ni gramu 230. Yaani mvuto wa dohani umepungua kuwa nusu. Siku isiyo na baridi sana, au siku yenye upepo mbaya, mvuto huo wa nusu waweza kushindwa kabisa, na moshi ukarudi nyumbani.

Zaidi ya hayo, moshi wa gesi ukipoa chini ya digrii kama 55, yale maji uliyoyabeba huanza kugeuka matone, kama umande juu ya majani. Maji hayo ni makali kama siki. Hula chokaa iliyounganisha matofali, na hutoboa mabomba ya bati. Dohani iliyokuwa kavu miaka 80 yaweza kuharibika katika miaka michache ikiwa itaanza kulowa kwa maji haya.

Twaweza kusema hivi: moshi ni abiria, na joto linalokwenda nao ni nauli yake. Usipoulipia nauli, hausafiri. Na abiria huyu akibaki nyumbani ni mwuaji. Hata hivyo hapana haja ya kumlipa nauli mara mbili. Ubishi wote wa mafundi ni juu ya kiasi cha nauli hiyo, na nani ailipe.

NJIA YA KWANZA: DOHANI NA KOFIA

Katika njia ya zamani ya kuchoma gesi, moshi hutoka juu ya boila ukapita chini ya kofia ya bati iliyo wazi kandokando, kisha huingia katika dohani. Kofia hiyo huruhusu hewa ya chumbani kuingia pamoja na moshi. Dohani ikivuta mno, huvuta hewa ya chumba, na moto hautaabishwi. Upepo ukisukuma kutoka juu, moshi humwagika kidogo kandokando badala ya kuuzima moto.

Sifa ya njia hii ni kwamba haina kitu kinachozunguka, wala kinachochakaa. Nauli yote hulipwa kwa joto. Katika boila za zamani palikuwa na moto mdogo uliowaka usiku na mchana ili kuwasha ule mkubwa. Na katika baadhi yake joto la moto huo mdogo lilitoa umeme kidogo sana, nao ulitosha kufungua njia ya gesi. Boila za namna hiyo ziliweza kuwaka hata mji mzima ukiwa gizani.

Kasoro yake ni upotevu. Moto ukisha kuzima, dohani huendelea kuvuta. Huvuta joto la boila lililosalia, na huvuta hewa ya chumba iliyokwisha kulipiwa, saa baada ya saa. Moto ule mdogo nao huunguza gesi hata katika miezi ya jua. Tena, nyumba nyingi zimezibwa nyufa zake siku hizi ili zisipoteze joto. Katika nyumba iliyozibwa, feni ya jikoni na mashine ya kukausha nguo huweza kuvuta kwa nguvu kuliko dohani, na moshi wa boila ukageuka ukarudi chini. Kwa sababu hiyo huwekwa swichi ya joto karibu na kofia. Moshi ukimwagika nje, swichi hupata joto na kufunga gesi.

NJIA YA PILI: KILANGO

Ili kupunguza upotevu huo, mafundi waliweka kilango cha chuma cha duara ndani ya bomba la moshi, juu ya kofia. Boila ikizima, mota ndogo hukigeuza kilango kikafunga dohani. Boila ikitaka kuwaka, kilango hufunguka kwanza, na swichi huhakikisha kwamba kimefunguka kabisa. Ndipo gesi huruhusiwa. Wakati moto unawaka moshi hulipa nauli yake kama zamani; wakati moto umezima hapana abiria, wala hapana nauli.

Hasara yake ni ndogo lakini ipo. Mota huweza kuungua, na swichi huweza kuchakaa. Kilango kikikataa kufunguka, boila haiwaki. Kukataa huko ni kwema, maana afadhali nyumba baridi kuliko nyumba yenye sumu. Lakini mwenye nyumba anayeamka saa tisa za usiku akiwa na watoto wanaotetemeka haoni wema huo upesi.

NJIA YA TATU: FENI

Njia hii huacha kutegemea wepesi wa moshi peke yake. Feni huuvuta au huusukuma moshi, na nauli sasa hulipwa kwa umeme badala ya joto. Faida zake ni mbili. Kwanza, fundi aweza kufanya mapito ya moshi ndani ya boila yawe membamba na yenye kona nyingi, ili chuma kinywe joto zaidi. Pili, katika vyombo vingine bomba la moshi huweza kutobolewa ukutani, wala pasiwe na haja ya dohani ndefu ya matofali.

Wasomaji waliopata kuliona garimoshi la zamani kati ya Mombasa na Nairobi wanaijua kanuni hii bila kujua. Mvuke uliokwisha kusukuma magurudumu haukutupwa hivi hivi. Ulielekezwa juu kwa nguvu ndani ya dohani fupi ya injini, ukauburuta moshi pamoja nao. Ile sauti ya kufoka tuliyoisikia ilikuwa ni sauti ya mvuto. Injini ilifanya mvuke wake mwenyewe kuwa feni. Boila ya nyumbani haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu mvuke wake ni lazima urudi ukiwa maji. Ukitupwa nje, maji ya boila yatakwisha.

Sasa tutazame hasara. Bomba la dohani ya zamani likipata tundu, hewa ya chumba huvutwa kuingia ndani ya bomba. Lakini bomba linalosukumwa na feni likipata tundu, moshi husukumwa kutoka nje ya bomba, na kuingia chumbani. Kwa hiyo kila kiungo chake hakina budi kuzibwa kabisa, na bomba lenyewe kufanywa kwa chuma kisichoshika kutu. Tena huwekwa swichi inayopima kama feni inavuta kweli, nayo huunganishwa kwa mpira mwembamba. Tone la maji au utando wa buibui katika mpira huo watosha kuizuia boila isiwake. Feni ina mota, swichi ina mpira, na vyote viwili hutii bodi ya umeme. Kila kimoja ni kizuri, lakini vikiwa vitatu, nafasi za kuharibika ni tatu.

KWA NINI BOILA YA MVUKE HAIFIKI 95 KWA MIA?

Wenye nyumba husikia kwamba jirani yao ana boila inayotumia joto la gesi kwa kadiri ya 95 kwa mia, nao hutaka kama hiyo. Lakini boila ya jirani ni ya maji moto, haitoi mvuke. Tofauti hiyo ni kubwa.

Katika hesabu ya joto la gesi, karibu sehemu moja katika kumi imo ndani ya yale maji yaliyobebwa na moshi. Atakaye kuipata sehemu hiyo ni lazima aupoze moshi mpaka maji yake yageuke matone, yaani chini ya digrii kama 55. Boila ya maji moto yaweza, kwa sababu maji yanayorudi kutoka vyumbani huwa yamepoa mpaka digrii 50, au 40, au chini ya hapo. Moshi ukipita karibu nayo hupoa sana. Lakini ndani ya boila ya mvuke maji yanachemka; yana digrii 100 au zaidi kidogo. Moshi hauwezi kupozwa na kitu kilicho na joto kuliko unavyotakiwa kuwa. Basi sehemu ile ya kumi haipatikani, hata fundi awe hodari namna gani.

Serikali ya Marekani imelikiri jambo hilo katika sheria yake. Tangu tarehe 1 Septemba 2012 boila mpya za gesi za nyumbani zilikatazwa kuwa na ule moto mdogo unaowaka daima, na boila ya mvuke ya gesi ilitakiwa ifikie 80 kwa mia. Boila zilizotengenezwa tangu tarehe 15 Januari 2021 zatakiwa kufikia 82 kwa mia zikiwa za mvuke na gesi, na 85 kwa mia zikiwa za mvuke na mafuta. Bali boila ya maji moto ya gesi imewekewa 84. Mvuke umewekewa kadiri ya chini kuliko maji moto kwa sababu nauli ya moshi wake ni kubwa zaidi.

HESABU YA SHILINGI MIA

Ili tuelewe vema, tufanye hesabu kwa fedha tulizozizoea. Tuseme mtu ana boila kuukuu itumiayo vizuri 65 kwa mia ya joto, na katika kipindi cha baridi hununua gesi ya shilingi 100. Joto analopata ni la shilingi 65.

Akinunua boila ya kufikia 82 kwa mia, joto lile lile atalipata kwa shilingi 79. Ameokoa shilingi 21, na hilo ni jambo kubwa. Sasa rafiki yake amwambia aongeze fedha anunue ile yenye feni, ifikiayo 85 kwa mia. Gesi yake itagharimu shilingi 76 na nusu. Hatua ya kwanza ilimwokolea shilingi 21. Hatua ya pili imemwongezea chini ya shilingi 3.

Nazo shilingi hizo 3 hazibaki zote mfukoni. Kipimo kile cha kwa mia hakihesabu umeme unaoliwa na feni, wala hakihesabu ujira wa fundi anayeitwa kubadili mota. Hapana shaka kwamba palipo dohani iliyobomoka, na kuijenga upya ni gharama kubwa, feni yaweza kuwa ndiyo shauri bora. Lakini penye dohani nzima na kavu, hatua ile ya mwisho yahitaji kufikiriwa sana.

SIKU YA SHIDA

Chombo hakijulikani ubora wake siku ya raha. Tarehe 29 Oktoba 2012 tufani iliyoitwa Sandy iliipiga pwani ya New Jersey na New York. Maji ya bahari yaliingia katika vyumba vya chini ya nyumba, na mamilioni ya nyumba zilikosa umeme, nyingine kwa siku nyingi, huku baridi ikianza. Boila iliyozamishwa na maji haikufaa kitu, iwe ya namna gani. Lakini katika nyumba zilizobaki kavu watu walikumbushwa jambo moja: chombo kinachotaka umeme kingi zaidi ndicho kigumu zaidi kukipatia njia nyingine. Sisi katika Kenya twauita umeme "stima", jina ambalo zamani lilikuwa la meli iendayo kwa mvuke. Huko Marekani mambo yamekuwa hivyo hivyo: hata mvuke siku hizi wamngojea stima.

Haifai kusema kwamba kila boila ya dohani huwaka bila umeme. Nyingi za siku hizi huhitaji umeme wa swichi na wa kilango, na wa kile chombo kinachozima moto maji yakipungua. Lakini umeme huo ni mdogo kuliko ule wa boila yenye feni juu yake.

Theluji nayo ina hatari yake. Bomba linalotokea ukutani huwa karibu na ardhi kuliko dohani ya paa. Mwezi wa Januari 2005, katika jimbo la Massachusetts, mtoto alikufa kwa kaboni monoksidi baada ya theluji kuziba bomba la moshi la chombo cha kupasha nyumba joto. Baada ya msiba huo jimbo hilo lilitunga sheria, iliyoanza tarehe 31 Machi 2006, kwamba nyumba zenye vyombo vya moto ziwekewe kengele ya kutambua sumu hiyo.

Dohani ya zamani nayo si salama kwa sababu tu ni ndefu. Kosa moja hutendeka mara nyingi: mwenye nyumba huondoa boila kubwa kuukuu, akaweka ndogo yenye moshi haba na uliopoa, lakini huacha dohani ile ile pana. Moshi mdogo hauwezi kuyapasha joto matofali mengi kama yale. Hupoa njiani, hutonesha maji, na mvuto hufa. Dawa yake ni kupitisha ndani ya dohani bomba jembamba la chuma linalolingana na boila mpya.

BASI MWENYE NYUMBA AFANYE NINI?

Mtaka yote hukosa yote. Atakaye kunyang'anya moshi joto lake lote atapata dohani iliyolowa. Na asiyejali kitu atapasha joto mawingu ya Boston kwa fedha yake. Njia ya katikati ni hii:

1. Boila na ichaguliwe kwa kuhesabu redieta zilizomo nyumbani, isiwe kubwa kupita haja yake. Boila kubwa mno huwaka na kuzima mara kwa mara, na kila mara hupoteza joto.

2. Mabomba ya mvuke yavikwe nguo ya kuhifadhi joto, na vali ndogo zinazotoa hewa mwishoni mwa mabomba zitunzwe, ili mvuke ufike upesi katika redieta zote. Akiba hii haigusi moshi hata kidogo, wala haiongezi kitu cha kuharibika. Lakini mabomba ya kale mengine yamefunikwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Hayo yasiguswe ila na mafundi waliofunzwa kazi hiyo.

3. Penye dohani nzima na kavu, boila ya kawaida yenye kilango yatosha mara nyingi. Penye dohani mbovu, itengenezwe kwa bomba la ndani, au feni itumiwe kwa kujua gharama zake.

4. Fundi aje kila mwaka kabla ya baridi. Asafishe mapito ya moshi, apime moshi wenyewe kwa chombo chake, na ahakikishe kwamba mvuto upo hata feni ya jikoni ikiwa inazunguka.

5. Hewa ya kuunguzia isizibwe. Mtu asijaze chumba cha boila masanduku, wala asizibe tundu la hewa kwa sababu linaleta baridi.

6. Kengele ya kaboni monoksidi iwekwe karibu na vyumba vya kulala. Ikilia, watu watoke nje kwanza, ndipo waite msaada.

Shauri hili la mwisho latufaa na sisi tusio na boila. Mwenye jiko la makaa hana dohani, wala kofia, wala kilango, wala feni. Dohani yake ni dirisha. Anapolifunga ili joto lisipotee, amemnyima moshi nauli yake, kama yule wa Boston aliyeziba dohani. Basi jiko na libaki nje mpaka usiku uishe, na blanketi la pili litumike badala yake. Joto linalotoka kwa dirisha ni hasara ya senti chache. Uhai ukitoka haurudi.